Utandabui wa Kununua

Asubuhi nilipanda ngazi na fagio la mpini mrefu
nikauondoa utandabui wote wa duka:
kwenye boriti, nyuma ya vinyago,
kwenye pembe ile ya mlango isiyofikiwa na jua.
Bi Shemsa hapendi buibui.
Anasema wanafukuza riziki.

Saa tisa akarudi na boksi la Halowini,
akalipasua kwa kisu cha mkate,
akatoa utandabui.
Wa pamba. Pakiti sita.
"Utundike," akanambia, "pale pale ulipofagia."

Mie ndani ya buibui langu jeusi,
juu ya ngazi, navuta nyuzi kwa vidole kumi,
boriti hadi feni, feni hadi msumari wa kanga.
Sasa hapa, buibui nani?

Yakafuata mafuvu manne, mkono mmoja wa mpira,
na mifupa mizima ya mtu, utosini ina kitanzi
cha kuning'inizia, kama koti.
Halafu popo. Kumi na wawili.

Faki wa Wete, mtu wa maneno ya kuhesabu,
aliwaona akaweka chini kikapu cha karafuu.
"Hao siwagusi."
Bi Shemsa akacheka: "Plastiki, Faki!"
"Najua ni plastiki.
Lakini mwaka ule tulilala nje, mtaa mzima,
baba zetu wameuzunguka moto,
anayesinzia anafinywa.
Nilikuwa na miaka saba.
Hakuna aliyemtundika. Alikuja tu."
Akatoka kwenda kuswali alasiri,
na adhana ilikuwa bado.

Popo nikawatundika mie.

Lililonishinda ni boga.
Boga la Donge, kijani, lina mabaka,
halifanani hata kidogo na lile la kwenye picha.
Nikaambiwa nilitoboe macho.
Nimekata maboga ya futari
tangu kichwa changu hakijafika mezani,
sijapata kulikata likanitazama.
Ukipenda boga upende na ua lake, walisema wahenga;
kuhusu meno walinyamaza.
Nyama yake nikaitia mfukoni.
Hakuna aliyeiuliza.

Baada ya isha wageni wakajaa uchochoro wa Kiponda,
nyuso wamezipaka unga na damu ya chupa.
Umeme ukakatika, desturi yake.
Likabaki boga, linacheka peke yake.
Kitoto kikamvuta mama yake sketi,
mama akanigeukia: anataka kujua,
kwenu wafu wanakujaje?

Nikatoa tabasamu la duka.
Ningemwambia kwamba mauti kwetu hayana rangi ya chungwa.
Yana harufu: kafuri, udi chini ya kitanda,
maji yanayokauka polepole uani.
Siku bibi alipofariki tuliteremsha mapazia,
tukakunja zulia, tukaitoa hata saa ya maua ya plastiki;
nyumba ikavuliwa
kama mtu anayekwenda kuoga.

Nikamwambia, "Karafuu hizi ni za Pemba."
Akanunua pakiti mbili.

Usiku, Mwembetanga, mama anakoroga tui.
"Boga hili kalikata nani? Kama limeng'atwa."
"Lilikuwa na kazi nyingine," nikamjibu.
Akaongeza hiliki. Tukalila lote.

Leo tarehe mosi. Kila kitu kirudi boksini,
kasema Bi Shemsa, isipokuwa pamba:
pamba ibaki, Desemba itakuwa theluji.
Nimepanda kuifuta vumbi.
Katikati yake, mdogo, wa kijivu, ana miguu kweli,
mwenyewe kaingia
na keshatega wake juu ya ule wa duka.

Chini Faki ameshika ngazi.
"Vipi huko?"
Fagio ninalo mkononi.
"Subiri," namwambia.