Kidato cha Arobaini

Alipobisha mara ya kwanza sikumfungulia.
Nilimchungulia kwenye upenyo wa bati:
mwanamke mnene, anahema, mkoba begani,
amepanda vidato mia na sitini na viwili
kutoka bandarini Valparaíso,
na mbwa wa jirani wamemsindikiza kwa matusi yao.
Nikamwambia Yesenia: kimya. Huyo kaja kuhesabu
vyombo vichafu, aandike, kisha amchukue Lautaro.

Jumanne iliyofuata akaja tena.
Ya tatu, mvua. Akasimama analowa,
wala hakupaza sauti.
Aibu ndiyo iliyofungua mlango, si mimi.

Edelmira, jina lake. Jiko hakulikagua.
Aliketi juu ya mtungi wa gesi,
akamega mkate tuliompa,
akauliza neno ambalo hata mama hakuwahi kuniuliza:
"Nibaldo, akilia usiku, mikono yako unaiweka wapi?"

Nikaitazama. Mikono ya kufunga kamba za meli.
Nikasema: nashika kingo za sinki
mpaka vidole vife ganzi.
Sikusema: juzi niliinyoosha kwake.
Sikusema: baba alikuwa na mkanda,
akiuita Daktari.
Hakuandika kitu. Chai yake ikapoa.

"Mlaze chali. Funga mlango, toka.
Kilio hakimuui mtoto aliye kitandani mwake.
Teremka vidato, uvihesabu,
kisha urudi."

Mimi niliyeishia kidato cha pili
nikarudi shule saa tisa usiku,
kwa ndala, baridi ya Julai mifupani.
Moja. Mbili.
Cha kumi na saba kimevunjika, ukiruke.
Ishirini na tano, chupa ya mlevi.
Thelathini, bado namsikia,
bado dunia nzima ni koo lake.
Arobaini:
taa za meli. Pumzi yangu mwenyewe.

Nikaketi. Nikalia kidogo, nisidanganye.
Kisha nikapanda.

Si kila usiku nawahi kutoka.
Ukutani pana tundu la ukubwa wa ngumi;
Edelmira ameliona, akauliza
siku ile nilikuwa nimekula nini.
Sikuwa nimekula.
Sasa Yesenia huniachia sahani, ameifunika,
hata tukiwa tumenuniana.

Jumanne mbwa hawambwekei tena.
Lautaro anatambaa hadi mlangoni
akisikia mtu anahema.