Damu ya Mzee

Jumamosi iliyopita jua lilitoka,
jambo ambalo Juni, hapa Uyole, si la kulitegemea,
nikafua kila kitu.
Nikaanika. Nikarudi nyuma hatua tatu
kuona kama kamba imelegea,
ndipo nikaona:

blauzi ya drafti, damu ya mzee.
Sweta, damu ya mzee.
Sketi ya mistari, na mistari yenyewe damu ya mzee.
Shati la kulimia viazi limepauka hata halina jina,
lakini ukigeuza ukosi, huko ndani,
damu ya mzee.

Kamba nzima kama bucha siku ya sikukuu.

Bi Subilaga akachungulia juu ya michongoma.
"Mwenzetu," akauliza, "umefungua shule?"

Nani kaninunulia hizi?
Si mume wangu; yeye hajui hata saizi ya kiatu changu.
Ni mimi, kwa hela yangu ya viazi,
kila mwezi pale Sido, robota likifunguliwa
na Ambokile kapanda juu ya meza, sauti imemkauka:
"Chagua! Chagua mwenyewe! Buku mbili, chagua!"
Nami huinama, nachambua.
Naipita njano, nayapita maua makubwamakubwa,
naipita kijani ya mashamba ya chai ya Tukuyu,
nazigusa zote, nazisifu zote,
nazirudisha zote.
Mkono unaijua njia
kama ng'ombe arudiye zizini bila mchungaji,
na mimi nyuma yake, na kikapu changu,
nikiiita kazi hiyo kuchagua.

Nimetafuta sababu.
Sweta la shule lilikuwa kijani, liliniwasha shingo.
Mama alipenda bluu, tukamzika na bluu.
Si tope: tope la huku ni jeusi,
halifichwi na rangi yoyote.
Labda ni siku moja tu, zamani,
kwenye foleni ya mashine ya kusaga,
mtu nisiyemjua alisema, "Rangi hiyo imekukubali,"
nami nikaitii miaka ishirini
sauti ambayo mwenyewe simkumbuki uso.

Basi juzi nilikwenda nimejiapiza.
Nikavuta sweta la njano,
njano ya kiini cha yai la kienyeji.
Ambokile akalishika, akanitazama.
"Mama Tumpe, hili la nani?"
"Langu."
Akacheka. Akachomoa mfuko chini ya meza:
"Mbona nilishakuwekea lako?"
Drafti. Rangi usiniulize.
Alikuwa amenichagulia kabla sijaamka,
kabla sijaoga, kabla sijafunga kilemba.

Nililipia la njano.
Lile jingine nikaliacha mkononi mwake
na moyo ukaniuma, kama nimemkana ndugu njia panda.

Bi Subilaga alinipita bila salamu.
Polisi, mbwa niliyemkuza kwa makombo yangu,
akanibwekea hadi mlangoni.
Tumpe tu ndiye aliyeinua macho kwenye daftari:
"Mama, umekuwa mtu mwingine."
Akafikiri kidogo.
"Huyo mwingine anapika nini leo?"

Wali, nikamwambia. Tukala wali, siku ya kazi.

Usiku baridi ilishuka, ile ya kuumiza meno.
Nikalala na njano yangu, macho kodo,
nikimsikiliza mgeni aliye ndani yake akipumua.

Jumanne nikapiga simu.
"Ule mfuko..."
"Upo," akasema Ambokile,
upesi, kama mtu aliyekuwa ameshika simu akingoja.

Leo nimefua tena.
Nimeziloweka pamoja, beseni moja,
la njano na lile la drafti, jipya, halijawahi kuona maji.
Nilijua litachuja. Kila mwanamke anajua.
Chumvi ilikuwa pale pale dirishani.
Sikuigusa.