Kona ya Chini, Mkono wa Kulia

Barua imefika kwa feri ya asubuhi, kutoka Tallinn,
bahasha nene, jina langu limepigwa chapa bila kosa: Endel Kiivit.
Bwana mmoja auzaye vifaa vya masikio
anaitaka kona ya chini, mkono wa kulia,
ya karatasi yangu ya Ijumaa.
Vidole vitatu kwenda juu, vinne kwenda kando.
Nimepima kwa rula. Kisha nimepima tena,
kama fundi anayepima ubao asiotaka kuukata.

Analipa euro thelathini kila wiki.
Thelathini! Rimu mbili, chupa ya wino,
na chenji ya mkate mweusi.
Vaike wa dukani, bila kuinua macho kwenye mizani:
"Mkono mtupu haulambwi, Endel.
Sisi tunasoma bure, na wewe unakonda."
Kweli. Majira ya baridi yaliyopita
nilichapa nakala arobaini kwa wino niliouongeza maji,
habari zikatoka rangi ya chai ya mgonjwa.

Lakini bwana huyu hajui karatasi ilivyoanza.

Leida aliacha kusikia mwaka ule bahari ilipoganda hadi bara.
Aliacha kidogokidogo, kama mtu anayefunga nyumba
chumba baada ya chumba:
kwanza ndege, halafu kengele ya kanisa, halafu watoto,
mwisho mimi.
Kifaa alikijaribu. Akakitupia ndani ya kikombe cha vifungo.
"Kinanipigia kelele," alisema, "hakinisimulii."

Basi nikawa namsimulia mimi, kwa kalamu.
Kila jioni ukurasa mmoja:
korongo wamepita saa kumi, wakigombana;
Arvo ameitukana trekta yake kwa Kirusi;
mvua juu ya bati leo ilikuwa na haraka;
mtoto wa Vaike anajifunza akodioni,
mshukuru Mungu kwa hali yako.
Hapo alicheka mpaka miwani ikaanguka.
Jirani akaomba asome. Jirani wa jirani naye.
Tulipomzika nilidhani nitaacha,
ila Ijumaa ilipofika mkono uliamka peke yake.

Sasa niambieni:
niweke chini ya maneno hayo
sikio la plastiki lenye tabasamu
na namba ya simu?

Si kwamba namchukia muuzaji. Huenda Arvo anamhitaji;
Arvo hasikii tena hata matusi yake mwenyewe.
Wala sijioni mtakatifu: hizo thelathini nimeshazitumia,
kichwani, mara tatu.
Ninachoogopa ni kidogo kuliko hicho.
Naogopa Alhamisi usiku, kalamu mkononi,
nikitaka kuandika kwamba ukimya nao una utamu wake,
nitaitupia jicho ile kona
na kulifuta neno.

Wiki hii nimechapa kona ikiwa tupu,
nimeizungushia mstari, nione nani atauliza.
Hakuuliza mtu.
Jumamosi, nakala ya mlangoni mwa duka
ilikuwa na maandishi ya penseli ndani ya kisanduku:
*Paka wa kijivu amepotea. Hasikii akiitwa. Tikisa bakuli.*

Nilisimama pale hadi theluji ikanijaa mabegani.

Barua ya jibu iko mezani:
*Samahani, bwana, kona imeshapata mwenyewe.*
Sijaitia stempu.
Stempu nayo ina bei siku hizi,
na chupa ya wino, nikiiinua mbele ya taa,
naona upande wa pili.