Mlima wa Kushuka

Mlima uko wapi? akauliza Elirehema,
kiganja juu ya macho, akiutafuta upeoni
kama mtu aliyeahidiwa ng'ombe akaonyeshwa kamba.
Nikamwambia: umeusimamia.
Hapa Marafa mlima wetu ulipinduka,
kilele kiko huku getini, penye choo na muuza soda.
Kwingine mtu hupanda kwanza, akashuka mshindi.
Kwetu unashuka pumzi zimejaa,
kisha deni la kupanda
unalilipa na magoti yanayotetemeka.

Hadithi ya maziwa na damu,
ya matajiri walioogea walichonyimwa wengine,
hiyo atakusimulia Kitsao pale mezani, bei yake mbali.
Mimi ni wa kamba.
Mimi hukagua mshipi kiunoni, paja la kushoto, paja la kulia,
kulabu ikilia ta! najua imefunga.
Kofia yenye ufa simvalishi mtu, nanyweshea kuku.
Na fundo la nane nalitazama kama noti ya elfu:
mbele, nyuma, kwenye mwanga.

Miaka kumi na mmoja, akasema, amebeba mizigo ya watu
Kilimanjaro: mahema, mayai,
kiti cha choo cha bwana mmoja asiyeweza kuchutama.
Hajawahi kupanda kwa ajili yake.
Leo yuko likizo. Dada yake kaolewa Malindi mjini,
pilau bado iko tumboni.
Mabega kama mlango.
Lakini ukingoni, mgongo umeelekea utupu,
visigino nje, vidole ndani,
nikaliona koo lake likimeza kitu kisichokuwepo.

Egemea, nikamwambia. Usiukumbatie ukuta,
ukiukumbatia utakutupa.
Kaa kama uliye kwenye kiti.
Hakusogea.
Upepo ukamwaga vumbi jekundu begani mwake.
Chini kule, kati ya minara ya udongo,
mbuzi mmoja alitafuna alichopata
bila kamba wala kofia.

Nilitaka kumwambia habari za baba.
Baba alikuwa mgema, minazi ya Mambrui ilimjua kwa nyayo,
asubuhi na jioni, kisu kiunoni, kibuyu mgongoni,
akilipwa kwa chupa ili asiogope.
Na wewe umelipa elfu mbili mia tano ili uogope.
Siku mvua ilipolowesha vidato
hapakuwa na mtu wa kumuuliza, fundo liko wapi.
Tulisikia kishindo, tukadhani ni nazi.
Tukaendelea kupepeta.

Sikumwambia.
Nilikaza kamba kidogo tu, anisikie kiunoni.
Akanisikia.
Akaegemea.
Akaupita udongo mweupe, akaupita wa waridi,
akaingia kwenye ule wa rangi ya maini,
akitukana, au akisali, sikijui Kichaga.

Aliporudi juu magoti yamechubuka,
vumbi hadi kwenye meno kwa kucheka,
akanywa soda mbili bila kuketi.
Halafu: Na wewe? Nani anakushikia?

Nikaitazama nguzo ya zege. Nikaitazama kamba.
Nikahesabu: miaka minne, wageni mia tatu na kitu,
na mguu wangu haujavuka ukingo ule
ila kwa njia ya nyuma, ya mbuzi na watoto.
Yeye tayari kaketi chini, visigino kavichimbia ardhini
kama watu waliozoea uzito.
Nikalikagua fundo langu. Mbele. Nyuma. Kwenye mwanga.
Nyevu, akasema, kaa kama uliye kwenye kiti.

Leso nimeikaza kiunoni juu ya suruali.
Nyuma yangu hapakuwa na kitu.
Nikakikalia.