Futi ya Fundi

Kaa hapa, Mama Kyalo, benchi halijajaa.
Leo nimefunga kibanda changu Kariobangi,
cherehani nimeifunika shuka,
kwa sababu jana usiku sauti yako kwenye simu
ilikuwa kama uzi unaokaribia kukatika.

Bahasha iko wapi? Tuone.
Cheti cha kuzaliwa. Kadi ya kliniki, yenye doa la chai, haidhuru.
Barua ya Mwalimu Odera: soma tarehe.
Soma kwa sauti.
Aliandika Machi, na sasa tuko Julai.
Hiyo tarehe usiifiche, ndiyo shahidi wako.
Na daftari?
La hesabu hapana, lile la malori.
Mtoto anayechora malori ya taka yaendayo Dandora,
kila moja na namba yake ya usajili, herufi kwa herufi,
haingii mle ndani mikono mitupu.

Watakuuliza alikaa akiwa na miezi mingapi.
Watakuuliza kama uchungu ulikawia.
Usijibu kama uko kortini.
Mimi nilijibu hivyo, mwaka ule wa Nanjala wangu.
Nilivaa gauni la kwendea harusi za watu,
nikasema ndiyo, ndiyo, hana neno, analala vizuri,
degedege nikaificha kama mtu afichavyo deni.
Yule bibi akaandika nilichosema.
Nikatia sahihi.
Mwaka mzima Nanjala akakaa dawati la nyuma
akiutazama ukuta,
na karatasi ofisini ikisema hana neno.
Karatasi haikukosea.
Mtoto nilimpima kwa futi ya aibu yangu.

Kwa hivyo sema. Kama anakojoa kitandani, sema.
Sema kengele ikilia anaziba masikio.
Omba yapimwe hayo masikio kwanza, kabla ya akili;
wangapi wameitwa wazito kumbe hawasikii?
Sema nyumbani mnaongea Kikamba.
Akiulizwa kwa Kiingereza jina la mwiko, akanyamaza,
si kwamba mwiko haujui.
Ameuramba tangu hana meno.

Wakitamka neno usilolielewa, inua mkono.
Mteja akiniletea maneno ya mitindo
mimi humwambia, nionyeshe kwa kidole.
Nakala ya ripoti ni yako, iombe.
Na usitie sahihi ukiwa umesimama.
Omba kiti.

Baba yake amesemaje?
Haya.
Wangu alisema kwao hakuna wazimu.
Nikamwambia, wazimu umeutaja wewe,
sisi tumeitwa kupima.
Na kupima ndiyo kazi niijuayo.
Nimepima maharusi, nimepima wanakwaya wanene kwa wembamba,
nimempima jirani yangu nguo yake ya mwisho
akiwa hawezi tena kunyoosha mkono,
na sijawahi, hata siku moja,
kumkata mtu ili atoshe kitambaa.
Kitambaa ndicho hukatwa.
Waambie hivyo, au usiwaambie,
lakini ingia nalo hilo kifuani.

Mlango huo. Wanaita, "Kyaro Musembi!"
Usikasirike. Rekebisha: Kyalo.
Ni sahihisho lako la kwanza leo,
halitakuwa la mwisho.
Kyalo, njoo baba, acha kuhesabu vigae.

"Mia moja na kumi na viwili," anasema,
"na kimoja kimevunjika."

Umesikia? Andika hilo nyuma ya bahasha,
kalamu hii hapa, upesi.
Mimi nabaki na sweta lake.
Kifungo cha pili kimelegea;
mkitoka nitakuwa nimekishona.