Kamba Mguuni

Nilimnunua gulioni Kitangari, tetea wa miezi miwili,
kaning'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli
na wenzake watano, kamba moja ya katani.
Muuzaji alisema ana afya. Macho, kweli, yalikuwa na afya.
Mguu sikuutazama. Nilitazama bei.

Nyumbani nikakuta kamba imezama chini ya magamba,
nyama imeumuka juu yake
kama unga uliosahauliwa.
Niliikata kwa wembe, uzi kwa uzi.
Somoe alimbana kwapani, kamfunika kichwa kwa kitambaa,
maana kuku akizibwa macho hudhani kumekuchwa,
na kukikuchwa hapigi kelele.

Huku juu Newala maji tunanunua kwa ndoo.
Nilichemsha kikombe kimoja, chumvi ya kubana kwa vidole viwili,
nikangoja yapoe mpaka ngozi ya kiwiko iyakubali.
Nikaosha. Nikarudia.
Ukatoka usaha, kisha damu safi.

Jirani yetu Chilumba akaja na salfa iliyobaki ya mikorosho.
"Mpulizie hii, inaua kila kitu."
Nikamwambia hicho ndicho ninachokiogopa.

Nikatafuta jivii, ile ya vidonda vya mdomo vya watoto,
chupa ya mwaka juzi, kizibo kimeganda.
Hiyo si dawa tu, ni pazia.
Kuku akiona chekundu hudonoa;
hana chuki, jicho ndilo linalomtuma,
na zambarau haimwambii kitu.
Vidole vyangu vikabaki hivyo wiki nzima.
Msibani kwa akina Nambunga mtu akaniuliza
uchaguzi umefanyika lini.

Siku nne alilala jikoni, ndani ya tenga, juu ya pumba.
Mfaume akapiga hesabu: mtama, wembe, maji, mkaa.
"Kuku huyu sasa ana bei ya mbuzi."
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu vidole vya mguu,
vinne, vyote vina joto.

Siku ya tano nikalitoa tenga uani,
wamwone, naye awaone, fito kati yao.
Kishingo, mwenye jalala lake, akaja wa kwanza.
Akazunguka. Akainamisha shingo yake isiyo na nguo,
akadonoa fito.
Akadonoa tena. Akaenda zake.
Nikasema: kesho.
Kesho yake nikasema: kesho.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
mimi nilichoka kungoja, nikafungua tenga mchana kweupe,
wao wakampa midomo.
Kishingo alianza, lakini waliozidisha ni wale wadogo,
waliokuwa wakidonolewa wao mpaka juzi.
Manyoya matatu chini. Zambarau tena. Tenga tena.
Kosa ni langu, silipeleki kwa kuku.

Mara ya pili nilimwingiza usiku.
Bila taa, nikapapasa kichanja kwa mkono,
nikampenyeza kati ya jogoo na ukuta.
Mmoja akaguna, akasogea.
Gizani kuku hawaulizani kwao wapi.

Alfajiri nikamwaga mtama mahali patano,
nikaweka maji bakuli mbili, ghali hivyo hivyo,
ili mwenye nguvu ashindwe kulinda vyote.
Kishingo akamdonoa utosini mara moja,
kama karani anayegonga muhuri.
Basi. Akaendelea kula.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni,
walisema waliosema, wakaishia hapo.
Hawakusema nani huikata, wala wakati gani,
wala kwamba mahali ilipokuwa
magamba huota upya yakiwa meupe,
pete nyembamba
ninayoiona akichakura.

Jumamosi iliyopita nimeleta mwingine kutoka gulioni.
Safari hii niliutazama mguu kwanza.
Wa kwanza kuja kudonoa tenga
alikuwa yeye, mwenye pete.

Nikamfukuza kwa upindo wa kanga.
Nikaenda kubandika maji.