Alama ya Mkaa

Mwezi jana kopo lilijaa unga hadi likafurika.
Leo nimelichora mkaa, chini ya ukingo;
nimeambiwa: pima hapo, usivuke.

Bi Nantende, aliyevuka Ruvuma na wajukuu wanne
na sufuria isiyo na mfuniko,
aliutazama mstari, akanitazama.
"Mwanangu, na huo nao unapikwa?"

Barua ilisema wafadhili wamepunguza.
Haikusema nani, hapa Kitaya, awaambie.

Nikapima. Mkono ukatetemeka kwa makusudi,
unga ukavuka mkaa
upana wa kidole.
Waliofuata wakaona.
Nao nikawatetemekea.

Jua linatua, magunia yamelala bapa.
Kaya tatu za mwisho wa foleni
nimewakung'utia turubai.

Kidole kimoja tu,
mara mia na kumi.